Wote Tumefika: Kumbukumbu ya Doyle Rasnick wa Gari la Mwisho

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Vuteni kiti. Mwenye sufuria jikoni apunguze moto, maana leo sitaki mnisikilize kwa sikio moja.

Leo tunamkumbuka Doyle Rasnick. Doyle Rasnick wa kule Midway, mpaka rangi wa uzio wa mashamba ya farasi, mume wa Nelda. Na kwa wenzake wa chama cha magari ya zamani, Doyle wa gari la mwisho. Hilo la gari la mwisho lishikeni. Nitalirudia.

Doyle alituacha mwezi uliopita, siku ya matembezi ya chama. Alikuwa na miaka sabini na sita.

Alizaliwa milimani, kwenye makaa ya mawe. Baba yake alishuka naye huku bondeni akiwa mdogo, akaapa kwamba mwanawe hataingia shimoni hata kwa bunduki. Basi Doyle akashika brashi. Alianza kijana, akaacha mzee. Ule uzio mweusi mnaouona ukipanda na kushuka vilima, kutoka Midway hadi mji jirani wa Versailles, mwingi wake umepita mikononi mwa Doyle. Rangi ile haitoki. Nelda mwenyewe aliniambia: "Asubuhi ya harusi yetu nilimsugua kucha kwa mafuta ya taa. Nikasugua mpaka akalia. Hazikutoka ng'o! Nikasema potelea mbali, nikaolewa na kucha nyeusi."

Na gari lake je? Studebaker ya kijani. Aliikuta kwenye banda la tumbaku, kuku wanataga kiti cha nyuma. Mwenye banda alitaka kuiuza kama chuma chakavu. Doyle akainunua pamoja na kuku. Nelda anasema walikula mayai ya Studebaker wiki nzima kabla gari halijawashwa.

Sasa tuje kwenye chama. Wasikilizaji wapendwa, mnawajua hawa watu. Mnawaona wakipita kwa msururu, magari yanang'aa kama vyombo vya Krismasi, wazee wanapunga mikono. Wanapita mashamba ya farasi, wanashuka kwenye viwanda vya wiski, wanakula, wanabishana kuhusu kabureta, wanarudi nyumbani. Mtu akiwaona hudhani kila mmoja anafuata wa mbele. Hapana. Sheria yao ni moja tu, na ni kinyume chake. Mtazame aliye nyuma yako.

Ukifika njia panda, hukati kona mpaka umwone wa nyuma kwenye kioo. Usipomwona, unasimama. Wa mbele yako naye, asipokuona, anasimama. Hivyo hivyo mpaka gari la kwanza kabisa. Msururu mzima unasimama kwa ajili ya mtu mmoja aliyepata pancha. Sheria hiyo aliitunga Doyle. Na kwa kuwa aliitunga yeye, yeye ndiye aliyekaa mwisho. Miaka thelathini, Doyle hakumtangulia mtu.

Gari la kwanza ni la Hobart Cundiff, mwenyekiti, mnene wa mwili na wa sauti. Hobart hakumwita Doyle kwa jina. Alimwita Mkia.

"Haya, Mkia! Leo utafika kabla chakula hakijapoa?"

"Bila mkia, Hobart, nzi wangeshakumaliza zamani."

Ndivyo walivyosalimiana, miaka nenda miaka rudi. Na kila walipofika mwisho wa safari, Doyle aliingia wa mwisho, akazima injini, akashuka, akavua kofia, akasema maneno mawili. "Wote tumefika." Basi. Kabla hajayasema, hakuna aliyekaa mezani.

Sasa kuna jambo la chupa. Bila chupa hamtaelewa kilichotokea.

Huku kwetu, anayeoa huzika chupa ya wiski mwezi mmoja kabla ya harusi, kichwa chini, ili mvua isimharibie siku. Mnacheka? Nani kati yenu hakuzika? Doyle aliona kwamba wenye magari ya zamani wanaiogopa mvua kuliko bibi harusi. Mapaa yanavuja. Waipa zinasuasua. Basi kila mwaka, mwezi mmoja kabla ya matembezi, alikwenda peke yake akazika chupa chini ya nguzo mojawapo ya uzio wa shamba fulani njiani, nguzo aliyoipaka rangi mwenyewe. Hakumwonyesha mtu ila Nelda. Siku ya safari, msururu ukipita pale, yeye aliyekuwa mwisho alisimama, akatoa sepetu kwenye buti, akaifukua, kisha akawakuta wenzake mezani na chupa ina udongo bado. Kila mtu akapata tone la kulowanisha ulimi.

Kwa hiyo kulikuwa na kipande kimoja cha barabara, kimoja tu, ambapo gari la mwisho likisimama hakuna aliyejali. Wote walijua. Doyle anafukua chupa. Twendeni.

Na hapo ndipo anapoingia Darla Stidham.

Darla ameniruhusu kumsema. Nilimuuliza mara mbili. Akaniambia, "Sema yote. Usinipake mafuta." Basi nasema yote.

Darla ni dereva wa basi la shule. Wengi mnaonisikiliza mmewahi kuketi kwenye basi lake, na mnalikumbuka jicho lake kwenye kile kioo kirefu. Hukutupa karatasi kwenye basi la Darla. Naye ana gari la zamani, Rambler ya buluu aliyoachiwa na mama yake. Alipojiunga na chama Doyle alimwomba akae mbele yake, wa pili kutoka mwisho. "Wewe una macho kisogoni," alimwambia. Darla alilibeba neno hilo kama nishani. Kwa miaka mingi kioo cha Darla kilikuwa na uso mmoja, wa Studebaker ya kijani.

Siku ile ilikuwa nzuri mno. Anga safi. Chupa ilikuwa imefanya kazi yake. Nelda hakupanda na mumewe. Alikuwa ametangulia na mwanawe Gentry na masufuria, kuandaa meza kwenye kiwanda kidogo cha wiski cha ukoo wa Hardesty, kule yaliko maghala yenye kuta nyeusi. Alikuwa amepika burgoo, ule mchuzi wetu wa kila kitu, na mkate wa mahindi.

Msururu ukapita Midway. Ukapita mashamba. Ukafika kwenye kile kipande cha barabara. Darla akatazama kioo. Akaona Studebaker inapunguza mwendo. Akaiona inatoka barabarani taratibu, inasimama kwenye majani kando ya uzio. Farasi mmoja jike alikuwa pale, kichwa juu ya mbao.

Darla akatabasamu. Akapiga honi mara moja, pii, kumtania. Akakanyaga mafuta.

Wasikilizaji wapendwa, alifanya ambacho yeyote kati yao angefanya. Lakini ni yeye aliyekifanya.

Walipofika kwa akina Hardesty, Nelda akauliza, "Yuko wapi?"

"Anafukua," akasema Darla.

Wakacheka. Wakasubiri. Harufu ya mahindi yanayochachuka ilikuwa imejaa uwanjani, na watu wana njaa. Hobart akasema kwa ile sauti yake, "Jamani, leo Mkia kaamua kuimaliza peke yake huko huko!" Wakacheka tena. Hobart ananiambia leo hii kwamba kicheko kile kinamrudia kila akila. Mtu akachota supu kidogo. Mwingine akaketi. Kidogo kidogo wote wakaketi.

Nelda alikuwa anakata mkate. Akasimamisha kisu. "Mbona mmekaa?" akasema. "Mimi sijasikia 'wote tumefika.'"

Akamgeukia Darla.

"Darla. Ulimwona akitoa sepetu?"

Darla akafungua mdomo. Hakuona sepetu. Aliona gari likisimama. Hayo mengine yote aliyajaza mwenyewe. "Nilimwona akisimama," akasema.

Alikimbilia Rambler bila kusubiri mtu. Alipofika alimkuta Eusebio, mtunza farasi wa shamba lile, amepiga magoti kwenye majani mlangoni mwa Studebaker, kofia mkononi. Eusebio alikuwa ameliona gari kutoka zizini. Naye alimjua Doyle, naye alikuwa na habari za chupa, naye aliliacha kwanza. Kisha akaona farasi wake haondoki pale kwenye uzio, akaja kutazama.

Doyle alikuwa ameketi nyuma ya usukani. Breki ya mkono amevuta. Injini amezima. Ni moyo. Alikuwa amesogea kando vizuri asimzibie mtu njia, maana ndivyo alivyokuwa.

Darla akazunguka nyuma, akafungua buti. Sepetu ilikuwamo ndani ya gunia lake. Safi. Haina hata chembe ya udongo. Akailaza mkononi akaitazama, akaketi chini barabarani na kulia kama mtoto. Eusebio ndiye aliyemnyanyua.

Je, Doyle angepona kama gari la mbele lingesimama? Hilo ndilo swali lililomla Darla, na mnaelewa kwa nini. Daktari aliulizwa. Akasema huenda iliisha papo hapo. Huenda haikuisha papo hapo. Hakuna ajuaye.

Siku ya pili Darla akaenda kwa Nelda. Hakuketi. Aliweka funguo za Rambler juu ya meza ya jikoni, kati ya mabakuli waliyoleta majirani.

"Mpe mtu yeyote," akasema. "Uza. Mimi si wa kumtazama mtu tena. Na basi la shule pia naacha."

Nelda alikuwa anakausha vyombo. Hakugeuka haraka.

"Unataka nikwambie hukukosea?"

"Hapana, mama."

"Vizuri, maana siwezi. Ulikosea. Nami nilikosea, niliuliza mara moja tu mume wangu yuko wapi, nikaridhika, nikakata mkate. Hobart alikosea. Hata mwenyewe Doyle na chupa yake ile! Tulijizoesha kutomtazama."

"Angepona?"

"Sijui. Wewe hujui. Daktari hajui. Basi tutakaa na kutojua huko, mwanangu, kama mtu anavyokaa na goti bovu. Utachechemea. Lakini utatembea."

Akachukua zile funguo, akazitia kwenye mfuko wa koti la Darla. "Keshokutwa, kwenye mazishi, nataka gari lako mbele ya Doyle. Usipokuja, patabaki wazi. Simpi mwingine."

Darla akafungua mlango. Alitoka. Usiku wa kuamkia mazishi hakuna aliyejua kama atakuja, na Darla mwenyewe hakujua.

Asubuhi ya mazishi kukawa na mzozo kidogo. Bwana wa mazishi, kijana mstaarabu mwenye tai, akamwambia Nelda kwamba gari lenye jeneza hutangulia. Ndiyo desturi.

"Mwanangu," akasema Nelda, "mtu huyu hakumtangulia mtu miaka thelathini. Leo amekufa ndio aanze ubishi?"

Gari la jeneza likawekwa mwisho. Nelda akapanda humo, kiti cha mbele. Hobart akawa wa kwanza, na katikati magari yote, yameoshwa. Mbele ya jeneza pakaachwa nafasi. Wakangoja. Gentry akasema, "Mama, muda umepita." Nelda akasema, "Kaa kimya."

Kisha wakaisikia Rambler inakohoa ikipanda kilima. Darla hakumtazama mtu. Akarudi kinyumenyume taratibu, akaingia kwenye nafasi yake.

Msururu ukaondoka. Mnajua heshima yetu ya njiani. Magari yanayokuja yalijisogeza kando yakasimama. Ila siku ile watu walichanganyikiwa, maana walitazama gari la kwanza, la pili, la tano, hawaoni jeneza. Hakuna aliyethubutu kuondoka. Dereva mmoja wa lori la nyasi alishuka akasimama na kofia kifuani, akasubiri magari yote yapite, mpaka la mwisho.

Darla anasema hakuona barabara. Aliona kioo tu. Midway ikapita. Mashamba yakapita. Wakafika kwenye kile kipande cha barabara, uzio mweusi kushoto.

Akatazama kioo. Gari la jeneza linapunguza mwendo. Linatoka barabarani taratibu. Linasimama kwenye majani.

Akakanyaga breki mpaka Rambler ikalia. Wa mbele yake akamkosa kwenye kioo, akasimama. Wa mbele ya huyo akasimama. Na wa mbele. Na wa mbele. Kule juu kabisa kilimani, Hobart Cundiff, ambaye hajui kunyamaza, akasimama kimya. Msururu mzima ulisimama kwa ajili ya Doyle.

Darla akashuka akakimbia, mlango ameuacha wazi. Alikimbia kama alivyopaswa kukimbia siku ile. Nelda alikuwa ameshashuka. Mkononi ana sepetu, kwenye gunia lake.

"Nini? Kuna nini?" Darla anahema.

"Hakuna kitu. Umesimama."

"Siku ile nilidhani..."

"Najua ulichodhani, mwanangu. Ndiyo maana nimeleta sepetu. Njoo, mimi mgongo wangu haufai."

Ile nguzo ina fundo la mti, kama jicho. Darla alichimba chini yake, na viatu vyake vya mazishi, analia, kamasi zinamtoka, hajifuti. Eusebio alikuja upande wa pili wa uzio akataka kupokea sepetu. Nelda akamkataza kwa kichwa tu. Chupa ikatoka, kichwa chini kama Doyle alivyoiweka. Nelda akaifuta kwa aproni? Hapana, hakuvaa aproni siku hiyo. Akaifuta kwa gauni lake jeusi.

Najua mnachongoja. Mnangoja niwaambie kwamba chupa ilipotoka mvua ikanyesha. Haikunyesha. Jua liliendelea kuwaka, na farasi wakaendelea kula.

Wakafika makaburini. Magari yakaingia moja moja. Hobart akashuka. Wote wakashuka. Halafu ikawa ajabu, maana hakuna aliyesogea. Watu wazima wamesimama langoni, wanatazamana, kila mmoja anangoja maneno mawili, na aliyezoea kuyasema amelala ndani ya jeneza.

Nelda akamtazama Darla.

Darla akatazama nyuma. Akaliona gari la jeneza limeingia, limezima injini. Akatazama barabara, hakuna aliyebaki. Akasema.

"Wote tumefika."

Ndipo wakaingia kumzika.

Wasikilizaji wapendwa, Doyle Rasnick amezikwa. Tone la kwanza la chupa lilimwagwa juu yake, na waliobaki walilowanisha ndimi. Kilichosalia Nelda alikifunga kwa kizibo, akampa Darla pamoja na sepetu. Matembezi ya mwaka ujao yanakuja, na kuna wa kuzika chupa. Darla atakaa gari la mwisho. Basi la shule hakuacha. Na mbele ya Darla itakuwapo Studebaker ya kijani. Nelda anajifunza kuiendesha. Juzi ameangusha sanduku la barua la jirani, na jirani kasema hana neno. Kile kipande cha barabara hakina ruhusa tena. Gari la mwisho likisimama pale, wote wanasimama.

Kwako Nelda, kwako Gentry, kwa Darla, kwa Hobart na chama chote, poleni. Poleni sana. Sisi wa studio hii tunalia nanyi, na hatuoni haya kusema hivyo. Mungu amlaze Doyle mahali pema, na kama huko kuna uzio, ampe brashi.

Na wewe unayenisikiliza, jikoni, shambani, kwenye gari. Kuna mtu nyuma yako. Umemzoea. Unajua tabia zake. Akisimama unajua kwa nini amesimama, unapiga honi moja ya utani, unakwenda zako. Leo usijue. Nakuomba, leo usijue kitu. Simama, rudi, ukamuulize.